Taa Ilikuwa Wapi?

Kati ya mwaka 2018 na 2022 nilifanya kazi kwenye saiba moja mjini Thika, dakika chache kwa miguu kutoka mahakamani. Nilikuwa na shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, nangoja barua ya TSC kama wenzangu wote. Kazi ilikuwa ile ya saiba zote za Kenya: KRA, HELB, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi, na mara moja moja kadi za harusi. Lakini kwa sababu ya mahali tulipokuwa, kila wiki walikuja watu, aghalabu kina mama, na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mna fulskepu zilizoandikwa kwa mkono, mistari imebanana ili karatasi isiishe, muhuri wa gereza pembeni. "Kijana, nipigie hii. Inaenda hai koti." Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma maandishi ya watu waliohukumiwa kunyongwa.

Nayaita maandishi kwa makusudi. Nimesoma uhakiki mwingi wa fasihi ya gerezani, nami nimechangia kidogo, na sijaona popote hati ya rufaa ikihesabiwa humo. Tunaiona kama fomu, kitu cha kupigwa muhuri na kuwekwa kwenye faili. Lakini kama fasihi ya gerezani ni yale anayoandika aliye ndani akitaka aliye nje amsikie, basi nchini Kenya sidhani kama kuna maandishi ya aina hiyo yaliyo mengi kuliko rufaa. Mshairi akiandika vibaya, wahakiki watamnyamazia. Huyu akiandika vibaya anabaki na hukumu yake.

Tazama rafu yetu. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi?, akatoka na Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukapata Chembe cha Moyo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikaa Kamiti karibu mwaka mzima wa 1978 bila kesi yoyote, akaandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Katama Mkangi, naye aliyeonja kizuizi, alitunga Walenisi (1995), ambamo Dzombo anahukumiwa kufa, na chombo kilichokusudiwa kummaliza kikamfikisha nchi yenye haki. Ni vitabu ninavyovipenda, na viwili kati yake nimevifundisha. Ila vyote vinafanana kwa jambo moja: mfungwa wake hana hatia, wala hatuna haja ya kuuliza. Tunafungua ukurasa wa kwanza tukiwa upande wake tayari. Hakuna anayehitaji wakili humo, kwa kuwa msomaji ameshakata kesi kabla ya kuketi.

Upande wa pili yuko John Kiriamiti, ambaye kijana yeyote wa Murang'a, Thika au Ruiru aliyewahi kushika kitabu amemsoma. My Life in Crime (1984) ni cha mwizi kweli, aliyehukumiwa miaka 20 mwaka 1971. Hapo hatia ipo, na ndiyo utamu wenyewe. Msomaji anapanda gari pamoja naye, anakimbizwa pamoja naye. Lakini kortini hatukai sana. Korti kwenye vitabu hivyo ni kama steji ya matatu, mahali pa kupitia tu.

Na yuko Kimathi. Mchezo wa Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo wa 1976, ambao kwa Kiswahili tunaujua kama Mzalendo Kimathi, unatupa shujaa anayeikataa mahakama ya mkoloni machoni pa jaji. Nilikua nikiamini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Halafu mwaka 2017 mwanahistoria Julie MacArthur akachapisha kumbukumbu za kesi yenyewe, iliyosikilizwa Nyeri mwaka 1956, na mtu anayeonekana humo ni mwingine kabisa. Ana wakili. Anapanda kizimbani na kujibu maswali. Anajieleza. Akishahukumiwa anakata rufaa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, inakataliwa, anapeleka nyingine London kwenye Baraza la Faragha, nayo inakataliwa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Simlaumu mwandishi wa tamthilia kwa kuchagua shujaa anayeifaa jukwaa. Tamthilia si prosidingi. Ninachosema ni kwamba Kimathi mwenyewe alikata rufaa mara mbili, na tulipomwandika tukaziacha nje. Tuliona kama zinampunguza. Yaani shujaa hawezi kuonekana akijaza karatasi.

Mimi sasa naishi Ruiru, mji wenye chuo cha kuwafunza askari jela, na Kamiti yenyewe iko pale ng'ambo ya mashamba ya kahawa. Asubuhi makurutu hupita wakikimbia na kuimba, watoto wanawapungia mikono. Mambo haya ni ya jirani zangu.

Kwa wasiojua sheria, acha nieleze kidogo. Kenya haijamnyonga mtu tangu Julai 1987, waliponyongwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 mwaka 2009 zikawa vifungo vya maisha, Uhuru akafuata mwaka 2016 kwa watu 2,747, Ruto naye 2023. Kwa hivyo utasikia watu wakisema hukumu hiyo ni jina tu. Si jina tu kwa anayeipewa. Korti zinaendelea kuitoa, na wanaoipata kwa wingi si wauaji wa sinema. Ni watu wa kifungu 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, wizi wa kimabavu. Kifungu hicho kinasema kosa linatimia ikiwa mwizi ana silaha ya hatari, au yuko na mwenzake hata mmoja, au amempiga au kumjeruhi mtu. Angalia hilo neno "au". Vijana wawili wakimpora mtu simu pale stejini bila hata wembe, wanaweza kushtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake iliyoandikwa ni moja tu.

Kisha kuna suala la nani anasimama na wewe. Kesi ya mauaji husikilizwa na jaji wa Mahakama Kuu, na tangu zamani mshtakiwa maskini alitafutiwa wakili wa kulipwa na serikali. Kesi ya wizi wa kimabavu husikilizwa na hakimu, na kwa miaka mingi mshtakiwa alisimama peke yake, kitanzi kikiwa kilekile. Katiba ya 2010 ilisema serikali impe wakili mtu ambaye bila wakili atadhulumika pakubwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya David Macharia Njoroge, ikalitilia mkazo hilo kwa wanaokabiliwa na kifo. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Yote mazuri. Lakini kwenye bahasha za kaki niliendelea kukutana na maneno yaleyale mwishoni mwa ushahidi wa shahidi baada ya shahidi: mshtakiwa hana maswali.

Nilivyosoma hayo maneno mara ya kwanza nilidhani ni kiburi. Kumbe ni kutojua kwamba kuuliza ndiyo kazi iliyobaki.

Kwenye benchi la saiba yetu alikuwa akikaa mzee mmoja tuliyemwita Wakili, ingawa hakuwa. Alihukumiwa kunyongwa miaka ya tisini, akabadilishiwa 2009, akaachiliwa 2019 alipopelekwa kusikilizwa upya. Ndani alijifunza kuwaandikia wenzake. Alitoka na kitambulisho kilichofubaa, jaketi moja na kalamu nyekundu. Wenye bahasha walianza kumtafuta yeye kwanza, mimi baadaye, na sikuudhika kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusoma nilichokuwa napiga.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "hawa watoto wanaandika kama wanaandikia Mungu. Jaji si Mungu. Jaji anataka kujua taa ilikuwa wapi."

Hiyo taa ina historia yake. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba shahidi akidai alimtambua mwizi usiku, haitoshi kusema kulikuwa na mwanga. Korti lazima iulize ni taa gani, kali kiasi gani, iko upande upi wa mtu aliyetambuliwa. Kabla yake kuna Wendo, ya 1953, inayoonya juu ya kumtia mtu hatiani kwa macho ya shahidi mmoja katika mazingira magumu. Na kuna Okeno, ya 1972, inayosema korti ya rufaa ya kwanza lazima iupime ushahidi wote upya, ikikumbuka kwamba yenyewe haikuwaona mashahidi wakizungumza. Watu wasiomaliza darasa la nane walikuwa wakizitaja kesi hizi kama sisi tunavyotaja majina ya washairi. Okeno, Wendo, Maitanyi. Ukitaka kujua vitabu teule vya gerezani ni vipi, usiniulize habari za Ngũgĩ. Ni hivyo vitatu, vimenakiliwa kwa mkono, vikapita seli kwa seli hadi herufi zikaanza kupotea.

Kama utanzu, rufaa ina kanuni kali kuliko utenzi. Mwandishi hajiiti mimi, ni mrufani. Kila hoja inaanza na "kwamba". Na kila hoja inamtaja hakimu kwa heshima huku ikimlaumu: kwamba hakimu msomi alikosea kisheria na kimambo kwa kutozingatia hiki au kile. Ni adabu ya mkwe mbele ya baba mkwe, lawama imefungwa ndani ya salamu. Zingatia pia ni nani anayekosea humo. Katika hati nzima hakuna mwingine anayeruhusiwa kukosea ila hakimu.

Sitaki mtu afikiri nazipamba. Nyingi ni mbovu. Zimenakiliwa kutoka kwa za wenzao, na niliwahi kupiga moja ambayo mrufani alibadilika jina katikati, ukurasa wa tano akawa mtu mwingine, aliyeiba ng'ombe. Zipo zilizojaa Kiingereza kikubwa cha kuokota, maneno ya Kilatini yakiwa yamepinduliwa kichwa chini. Ukiuliza, unaambiwa jamaa aliyeandika alilipwa sabuni mbili na pakiti ya majani chai. Anayesema watu hawa wanajitetea vizuri bila mawakili hajasoma.

Lugha ndiyo inayouma zaidi. Kwa sheria yetu ya mwenendo wa jinai, korti za chini zinatumia Kiingereza au Kiswahili, na Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kwa hiyo kijana wa Thika anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Gĩkũyũ na Sheng, karani anatafsiri, hakimu anaandika kwa mkono kwa Kiingereza. Miezi baadaye kijana anapewa prosidingi na kukuta mtu mwenye jina lake akisema mambo kwa lugha asiyoijua. Humo ndimo atakamotafuta kasoro ya kumwokoa. Sisi wahakiki tumeandika kurasa ngapi kuhusu tafsiri na ukoloni? Hapa kuna tafsiri ambayo mtu anaweza kuifia, hufanyika kila siku ya kazi, na hatujaigusa.

Halafu ikaja Muruatetu. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Kabla ya kuhukumu, jaji sharti amsikilize mtu: umri wake, kama ni kosa la kwanza, tabia yake, majuto yake, kama anaweza kubadilika. Nilianza kazi miezi michache baadaye, na ilikuwa kama mtu amefungua lango la bwawa. Risentensi! Kila bahasha ilikuwa risentensi. Na kwa sababu korti nyingi wakati huo ziliikubali hoja hiyo hata kwa wizi wa kimabavu, watu wa 296(2) nao waliandika.

Ilikuwa furaha ya kisomaji ambayo sitaisahau. Watu waliozoea kuandika "kwamba hakimu msomi" ghafla waliambiwa waseme maisha yao. Walivyoyasema! Mmoja alieleza jinsi mamake alivyokuwa akichuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya Ruiru naye amebebwa mgongoni, akilala kwa mlio wa buni zikianguka kwenye debe. Mwingine aliandika ukurasa mzima juu ya mbwa. Hakuna aliyewafundisha. Nilidhani nimeshuhudia kuzaliwa kwa kitu, na nikaanza kuandika makala kuhusu jambo hilo, kichwa chake nimekisahau, lakini kilikuwa na neno "ushuhuda".

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua: uamuzi wa 2017 unahusu mauaji peke yake. Wizi wa kimabavu haumo. Anayetaka ulazima huo ufutwe kwa makosa mengine afungue kesi yake na kuanzia chini. Kisheria naelewa walichosema. Lakini pima matokeo. Aliyeua mtu anaulizwa amelelewaje. Aliyepora simu na mwenzake haulizwi, au akiulizwa jibu lake haliwezi kupunguza kitu, maana adhabu imeshaandikwa. Hadithi yake imekuwa haina kazi. Mzee Wakili aliyekuwa ametoka kwa mlango huo 2019 alisoma habari hiyo kwenye simu yangu, akaniuliza kama intaneti haikosei. Kisha akanyamaza mpaka tukafunga.

Kuna masimulizi mengine ambayo dunia inayapenda, ya mfungwa aliyegeuka mwanasheria. Ni ya kweli. Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kifo, jina lake likatangulia kwenye kesi ya wafungwa zaidi ya 400, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaufuta ulazima wa hukumu hiyo, miaka minane kabla yetu. Akasomea sheria gerezani Luzira kupitia Chuo Kikuu cha London, akatoka 2016. Kamiti pia wako waliopata shahada hiyohiyo kwa msaada wa shirika la Justice Defenders, zamani likiitwa African Prisons Project, na Kituo cha Sheria kimewafunza wafungwa wengi usaidizi wa kisheria. Nawavulia kofia. Malalamiko yangu ni juu ya namna yanavyosimuliwa: joho, kofia, machozi, mlango unafunguliwa, mwisho. Mtu mmoja mwenye kipaji amepanda ngazi. Katika makala hizo sheria ni elimu ya kumkomboa aliyeisoma. Huoni kazi yenyewe, ambayo ni kukaa na faili la mtu mwingine asiye na kipaji chochote na kutafuta taa ilikuwa wapi. Hakuna nauli ya mama humo, hakuna kesi inayoahirishwa mara sita kwa sababu faili halijafika, hakuna fotokopi zilizofifia. Na zaidi ya yote hakuna mtu ambaye pengine alifanya kosa hilo na bado anahitaji wakili.

Ndiyo sababu naandika haya, kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.

Mwaka 2022, muda mfupi kabla sijapata kazi ya kufundisha, alikuja mama mmoja kutoka Ruiru, upande wa Kimbo. Mwanawe alihukumiwa kwa 296(2): simu na shilingi mia chache, usiku, watu wawili, panga. Mwenzake hakupatikana. Shahidi alikuwa mmoja, na alisema alimwona kwa taa ya duka. Bahasha ilikuwa na kurasa kumi na moja. Nane zilikuwa hoja, kwa Kiingereza, mwandiko wa mtu mwingine, nzuri kweli. Wendo na Maitanyi walikuwa mahali pao. Lakini katikati mlikuwa na kurasa tatu za mwandiko mwingine, wino mwingine, Kiswahili. Alikuwa ameandika mwenyewe.

Nilizisoma nimesimama. Aliandika juu ya kuacha shule kidato cha pili, juu ya babake aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu kwenye mjengo na mwenye jengo kuleta unga na mafuta ya kupikia, basi. Aliandika juu ya kusimama asubuhi kwenye steji na wenzake, kila mmoja na koleo lake, wakingoja lori la kuwachukua vibarua. Halafu akaandika: Siku hiyo nilikuwa nimekosa.

Basi. Sentensi iliyofuata ilikuwa inamwombea mamake.

Ilikuwa juu yangu kuzitia kurasa hizo kwa Kiingereza, kwa sababu zinaenda Mahakama Kuu. Nikakwama hapo. Kibarua asiyepata kazi asubuhi husema "leo nimekosa", utalisikia neno hilo kila siku pale stejini. Mtu anayetubu naye husema "nimekosa". Kwa Kiswahili yanakaa pamoja bila ugomvi. Kwa Kiingereza lazima uchague, na ukichagua la pili umemweka mahali pa tukio, umezitupa kurasa zote nane, umemwacha Maitanyi akiuliza habari za taa isiyo na maana tena, kwa sababu mwenyewe amekiri. Ukichagua la kwanza, umemfanya aseme kitu ambacho huenda hakukisema.

Nikampelekea mzee. Alisoma kurasa zote tatu polepole, midomo ikicheza. Alipofika pale alisimama, nikaona amesimama. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari kutoka pembe moja hadi nyingine, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mzee, hizi ndizo nzuri," nikasema.

"Ni nzuri. Ndiyo maana."

Nilibishana naye. Nikamwambia hapa ndipo kijana anapoonekana, kule kwingine ni mrufani tu, angeweza kuwa mtu yeyote. Akaniambia hilo ndilo analotaka, awe mtu yeyote. Serikali ndiyo iliyosema ni yeye, serikali ithibitishe. "Wewe unataka kujua kama aliiba," aliniambia, na hakuniambia kwa ubaya. "Hiyo si kazi ya hii karatasi."

Nilihisi nimeumbuliwa kitaaluma. Kila nilichofundishwa chuoni kuhusu sauti, ushuhuda na kumpa mnyonge nafasi ya kujieleza kilikuwa kinanivuta kumwonyesha jaji zile kurasa tatu. Na jaji huyo, baada ya Julai 2021, hangeweza kuzitumia kumpunguzia hata siku moja. Angeweza tu kuzitumia kumtia hatiani. Pengine wasomaji tunaopenda sana mfungwa aseme ukweli wake tunaomba kitu ambacho yeye peke yake atakilipia. Bado sijui kama naamini hivyo kikamilifu. Nikizikumbuka zile kurasa naona ni kosa kubwa kwamba nchi ina korti ambamo haziruhusiwi kusaidia, na nikikumbuka ile kalamu naona ilifanya sawa.

Nilipiga kurasa nane. Zilitoka safi, nikazibana na stepla, nikampa mama nakala tatu kama kawaida. Alizishika akazigeuza. Hakujua Kiingereza, alitazama muhuri, akatazama mahali pa sahihi. Kisha akaona zile tatu mezani, zenye mstari mwekundu.

"Na hizi?"

Nikamweleza kwamba hizo haziendi kortini, mzee ameona zitaleta shida.

"Nitolee kopi," akasema. "Moja moja."

Ilikuwa shilingi kumi kila karatasi. Alikaa kwenye benchi, karibu na mzee, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, kama anavyosoma mtu kanisani. Mzee akaangalia pembeni. Nilikuwa na mteja wa HELB lakini nilikuwa namsikiliza yeye. Alipofika kwenye babake kuanguka alisimama kidogo, akaendelea. Akafika pale.

"Siku hiyo nilikuwa nimekosa," akasoma. Akatingisha kichwa. "Eeh. Hiyo wiki yote hakukuwa na mjengo."

Akakunja karatasi, akazitia kwenye mkoba, akaniuliza matatu za Ruiru zinapandiwa wapi sasa, maana wameambiwa steji imehamishwa.